Picha Iliyochorewa Wagonjwa

Nairobi tumezoea mambo yakienda upande mmoja: jumba la sinema ndilo hugeuka kanisa. Pita mjini Jumapili asubuhi utasikia spika zikivuma mahali ambapo wazazi wetu walikuwa wakienda kutazama filamu za Kihindi na za karate. Jukwaa ni lilelile, hata viti vingine ni vilevile. Kilichobadilika ni kile unachotakiwa ufanye ukishaingia. Zamani ulilipa mlangoni ukakaa kimya gizani. Sasa unaingia bure na unaambiwa upaze sauti. (Sadaka huja baadaye, lakini hiyo ni stori nyingine.)

Ulaya mambo yanaenda kinyume. Kanisa huishiwa na watu polepole, halafu siku moja linafungwa, na baada ya muda linafunguliwa tena likiwa kitu kingine. Kule Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominiko la karne ya 13 sasa ni duka la vitabu, na watu wanakunywa kahawa pale mbele ambapo padre alikuwa akisimama. Mengine yamekuwa makumbusho ya sanaa, na hayo ndiyo yanayonitatiza. Ukigeuza kanisa kuwa duka, kila mtu anaona mageuzi yenyewe. Lakini ukigeuza kanisa kuwa makumbusho, vitu vinaweza kubaki palepale au karibu na pale: msalaba, sanamu, picha za watakatifu. Ni sisi tunaobadilishwa. Jana tulikuwa waumini, leo ni wageni wenye tiketi.

Swali langu ni hili: kitu cha ibada kikitolewa kwenye ibada na kuwekwa mahali pa kutazamwa tu, kimeokolewa au kimeuawa?

Nilianza kulifikiria vizuri Colmar, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ujerumani. Nilikuwa Strasbourg kwa masomo ya wiki chache, na Jumamosi moja nikapanda treni, nusu saa na kitu, kwenda kuona makumbusho yanayoitwa Unterlinden. Jengo lilikuwa makao ya watawa wa kike wa shirika la Wadominiko tangu karne ya 13. Mapinduzi ya Ufaransa yalipofika, watawa wakaondolewa na wanajeshi wakageuza nyumba yao kambi. Mwaka 1853 ikafunguliwa kama makumbusho. Ukiingia unakuta ua wa ndani uliozungukwa na varanda yenye matao, na kimya ambacho hakijaandikwa kwenye kibao chochote lakini kila mtu anakitii. Watu wazima waliokuwa wakicheka barabarani walianza kunong'ona. Kwani nani alituambia tunong'one?

Ndani ya kanisa la watawa hao, ambalo ni refu kwenda juu kuliko lilivyo pana, kuna michoro ya madhabahu ya Isenheim. Ilichorwa na Matthias Grünewald kati ya mwaka 1512 na 1516 hivi, na sanamu zake za mbao zikachongwa na Niclaus wa Haguenau. Haikutengenezewa kanisa hili. Ilitengenezewa nyumba ya watawa wengine, wa Mtakatifu Antoni, katika kijiji cha Isenheim, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka hapo. Watawa hao walikuwa na hospitali, na hospitali yao ilijulikana kwa ugonjwa mmoja hasa: moto wa Mtakatifu Antoni.

Ugonjwa huo ulitoka kwenye mkate. Kuna kuvu inayoota kwenye nafaka inayofanana na ngano ambayo maskini wa huko waliitegemea, na ukiisaga pamoja na nafaka unakula sumu. Mishipa ya damu inabana. Vidole vinawaka kama vimeshikwa na moto, vinakuwa vyeusi, halafu vinakufa. Wengine walikatwa mguu au mkono na wapasuaji wa watawa, wengine walichanganyikiwa akili wakawa wanaona mazimwi. Tusiseme hayo ni mambo ya wazungu wa kale. Mwaka 2004, Ukambani na sehemu za jirani, mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu yaliwaugua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Kuvu ni nyingine na ugonjwa ni mwingine, lakini mgonjwa ni yuleyule: mtu aliyekula alichokuwa nacho.

Sasa, mgonjwa akifika Isenheim alipewa mkate mzuri, dawa ya kupaka, na divai iliyomwagiwa juu ya masalia ya mtakatifu. Na alipelekwa mbele ya picha hii.

Nimekulia katika nyumba yenye Yesu wa kalenda. Unamjua. Nywele zimechanwa, kanzu nyeupe pe, macho ya buluu, uso wa mtu aliyelala saa nane. Hata akiwa msalabani Yesu wa kalenda ana tone moja tu la damu, limewekwa kwa adabu. Yesu wa Grünewald si huyo. Ngozi yake ina rangi ya kijani kama nyama iliyokaa siku nyingi bila friji. Mwili mzima umejaa vidonda na miiba. Vidole vya mikono vimejikunja na kunyooka kuelekea juu, kama mtu aliyepigwa na umeme. Miguu imevimba. Mtu wa wakati ule aliyekuwa na moto wa Antoni angeiona ngozi hiyo na kujua palepale kwamba aliyechora amewahi kukaa karibu na mgonjwa.

Kuna jambo jingine. Michoro hii ilikuwa kama kabati kubwa lenye milango juu ya milango, ikifunguliwa kwa siku tofauti za mwaka. Msalaba haukuwekwa katikati kabisa. Kwa hiyo milango ya kwanza ikifunguliwa, mkono mmoja wa Yesu unatengana na mwili. Na kwenye mbao ya chini, anapolazwa baada ya kufa, ikifunguliwa miguu yake inabaki upande mmoja na mwili upande mwingine. Wapo wataalamu wanaosema hilo lilifanywa kwa makusudi, ili waliokatwa viungo waone aliyekatwa pia. Na nyuma ya milango hiyo kulikuwa na rangi za furaha, malaika wakipiga ala, na Yesu anayefufuka ndani ya duara la mwanga, ngozi yake safi, vidonda vimekwisha isipokuwa alama za kusulubiwa.

Siku hizi mbao zimetenganishwa ili uweze kuzunguka na kuona kila upande. Kama mwanafunzi wa sanaa unashukuru, manake unaona kila kitu kwa dakika kumi. Mgonjwa wa mwaka 1520 alilazimika kungoja sikukuu ifike ndipo aone ufufuo. Alikaa na mwili uliooza wiki baada ya wiki, akijua nyuma yake kuna mwanga ambao hajaufikia. Kungoja kwenyewe kulikuwa sehemu ya dawa. Sisi tumepewa picha zote, na kungoja kumeondolewa.

Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sababu haikuwa sanaa. Shosho yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, chini ya goti, miaka minne iliyopita. Nakumbuka wodi: vitanda vilivyobanana, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na ukutani, mkabala na kitanda chake, kalenda ya duka fulani yenye yule Yesu mwenye afya. Shosho ni mtu wa kanisa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini wiki ile alikuwa amegeukia ukuta wa upande mwingine. Nilidhani amekasirikia Mungu. Colmar ndipo nilipowaza kwamba labda alikuwa amechoka tu kuangaliwa na mtu mzima wa afya.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kasoro katika swali langu. Nilikuwa nauliza kama kitu kimekufa au kiko hai, kana kwamba uhai uko ndani ya mbao na rangi. Lakini mimi, ambaye siku hizi kanisani naingia kwa harusi na mazishi, nilikuwa nimesimama mbele ya picha ya umri wa miaka mia tano nikiwa na haja ileile ambayo picha ilitengenezewa. Na picha ilifanya kazi. Hatua chache kutoka kwangu mzee mmoja alikuwa amevua kofia, midomo inacheza bila sauti. Mlinzi alimwangalia, kisha akaangalia pengine. Sheria za mahali pale zinakataza kugusa. Hazikatazi kuomba.

Jambo hili limewahi kutokea kwa ukubwa zaidi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Colmar ilikuwa chini ya Ujerumani, na mwaka 1917 michoro hii ikahamishiwa Munich. Ilipowekwa hadharani kule, watu walifurika kuiona. Hebu fikiria ni watu gani: nchi imeshindwa vita, kila familia ina kaburi, mitaa imejaa vijana waliorudi bila mkono au bila mguu. Ilikuwa ndani ya jumba la picha, lakini wengi walikwenda kama watu wanaokwenda kuhiji. Mwaka 1919 ikarudishwa Colmar.

Kwa hiyo makumbusho hayaui lazima. Mtu mwenye haja akiweza kukifikia kitu, kitu kinaweza kuamka hata chini ya taa za umeme na kamera za usalama. Ningeweza kuishia hapo, nikanunua kadi mbili za posta na kupanda treni nikiwa nimeridhika. Lakini mimi ni Mkenya, na Mkenya hawezi kusema "makumbusho huokoa" bila kukumbuka vigango.

Kwa Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda, kigango huchongwa kwa ajili ya mzee aliyefariki akiwa mwanachama wa Gohu. Ni mbao ndefu, nyembamba, yenye kichwa cha duara na mwili uliochongwa pembetatu ndogondogo. Husimikwa bomani, huvishwa vitambaa, na roho ya mzee hupata mahali pa kukaa karibu na watu wake. Familia ikihama, kigango hubaki. Hakitakiwi kung'olewa. Kinaachiwa jua, mvua na mchwa mpaka kiishe chenyewe.

Kuanzia miaka ya sabini, watalii na wakusanyaji walipoanza kuvipenda, vigango vikaanza kupotea usiku. Tusijidanganye kuhusu nani aling'oa: mara nyingi walikuwa vijana wa hukohuko waliohitaji pesa, wakawauzia wafanyabiashara wa vinyago, nao wakauza ng'ambo. Mamia viliishia Marekani, kwenye makumbusho na kwenye sebule za matajiri. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi akiwa amesimama na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibiwa. Miaka mingi ikapita ndipo vikatambuliwa, katika makumbusho mawili tofauti ya Marekani, na picha ile ikawa ushahidi. Mwaka 2007 familia ikakabidhiwa tena vigango vyake. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Utetezi wa wakusanyaji unajulikana: tumeviokoa, vingeliwa na mchwa. Ni kweli vingeliwa. Lakini mchwa alikuwa kwenye mpango tangu mwanzo. Aliyechonga alijua, aliyesimika alijua. Kukihifadhi kigango milele kwenye chumba chenye ubaridi uliopimwa ni sawa na kumweka mzee wa watu kwenye mashine ya kupumulia ili wageni waendelee kumtazama. Na neno lililowezesha yote ni neno zuri, "sanaa". Kilichokuwa makao ya roho ya mtu kikaitwa sanaa ya Kiafrika, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza jina la marehemu. Neno likawa kama risiti: ukishalitamka, mali imekuwa yako.

Mtu anaweza kunibana hapa, na ana haki. Mbona Colmar umewasamehe? Watawa wa Isenheim nao hawakuombwa ruhusa. Mapinduzi yalichukua mali ya kanisa kuwa mali ya taifa, na michoro ikahamishiwa Colmar mwaka 1792 bila mtu kupiga kura hospitalini. Huo nao ni wizi, sema tu mwizi alikuwa na mhuri.

Nimelifikiria sana hilo, na jibu langu ni kwamba sijawasamehe kwa sababu wao ni Ulaya au kwa sababu muda mrefu umepita. Muda haumpi mtu umiliki, unampa mazoea tu. Tofauti naiona kwingine. Hospitali ya Isenheim haipo tena. Ugonjwa wenyewe karibu umetoweka, kwa sababu nafaka siku hizi husafishwa na kukaguliwa. Hakuna boma linalolala bila amani kwa kukosa picha ile. Na mjukuu wa kijiji kile akitaka kuiona, anapanda gari, anafika kabla chai haijapoa. Lakini yule mzee wa Kilifi alikuwa hai. Shimo lilikuwa bado bichi ardhini. Familia yake ilikuwa ikihesabu kila ugonjwa na kila ukame ikijiuliza kama ni ndugu waliong'olewa. Na ili wafike mbele ya kigango chao walihitaji viza, tiketi ya ndege, na barua ya benki ya kuthibitisha kwamba wana pesa za kutosha kwenda kumtembelea mtu wa kwao.

Kwa hiyo sasa nikiingia mahali kama pale nina maswali mawili, na nayauliza kabla ya kuuliza kama kitu ni kizuri. La kwanza: waliokuwa wakikihitaji, walikiachilia, au kilitolewa mikononi mwao? La pili: mwenye haja nacho leo anaweza kukifikia? Colmar inafeli la kwanza na kupita la pili, kwa kiasi fulani tu. Nasema kwa kiasi fulani kwa sababu mgonjwa wa Isenheim hakulipa mlangoni, na tiketi yangu ingeninunulia chakula cha mchana. Kigango kwenye kioo cha Marekani kinafeli yote mawili. Makumbusho yanayofeli swali la kwanza yana deni, na ninavyoona mimi, njia ya kuanza kulilipa ni lile la pili: fungua mlango, shusha bei, ruhusu magoti, na pale ambapo mwenyewe yuko na anadai, rudisha.

Najua hili linatugusa hata sisi tusiokuwa na makumbusho. Tunapenda vitu vya kale ukutani. Tunapiga selfi kando ya mti ambao wazee bado wanauombea, tunachapisha nakshi za watu kwenye fulana, tunaita yote hayo "kusherehekea utamaduni". Labda ni kusherehekea kweli. Maswali yale mawili hayachukui hata dakika moja kuyauliza.

Jioni ile nikiwa kwenye treni nilimtumia shosho picha kwa WhatsApp, ule msalaba. Nilisita kidogo kabla ya kutuma. Alinipigia mwenyewe, jambo ambalo halifanyi mara nyingi kwa sababu anasema simu ya nje inakula pesa.

"Huyu ameugua," alisema. "Huyu sasa ameugua kweli."

"Ndiyo, shosho."

"Hii si wangeiweka wodini?"

Nikamwambia ndiko ilikokuwa, ilichorewa wagonjwa wa hospitali, wengi wao wamekatwa miguu. Akanyamaza kidogo. Nilisikia redio yake nyuma.

"Sasa nani aliitoa?"

Nikaanza kumweleza habari za Mapinduzi ya Ufaransa, mfalme, mali ya kanisa, mwaka 1792. Akanikatiza. Hakuwa ameuliza mwaka. Alikuwa anataka kujua kama wale wagonjwa waliambiwa.